Kiti cha Shefu Cyprien

"Alama iko wapi?" Mama Philomène alimuuliza Papa Hippolyte juu ya uzio, mwiko wa kusongea bukari mkononi. "Muntu akipigwa, tunaona. Victorine ana alama gani?"

Papa Hippolyte, jirani wetu wa upande wa reli, akajibu kwamba shefu wa kazi anayefunga mlango wa biro, ofisi yake ya bandarini, na kumwambia Victorine, karani wake, kuwa ziwa haliko mbali na watu huzama, huyo amekwisha kumpiga. Mama Philomène akacheka. Mzaha wa bandarini huo. Wakorofi wa kazini ni wale wabebaji mizigo wakilewa, si shefu Cyprien, mtu wa kwaya, anayesalimia mpaka watoto.

Mimi nilikuja kuomba chumvi tu. Kila aliyesema, niliona ana haki.

Victorine ni mdogo wake Mama Philomène. Wiki nzima amekataa kurudi biro. Dada yake amekwisha kumfunga jogoo miguu: baada ya kula, tungempeleka Victorine kwa shefu na jogoo huyo, kumwombea msamaha, kama tunavyofanya hapa mkubwa akikasirika. Msamaha wa kosa gani? Hakuna aliyejua. Victorine alimwambia dada yake hivi tu, "Sikukosa kitu, yaya."

Ndipo pikipiki ikasimama. Shefu Cyprien mwenyewe, mkate kwapani, anacheka na kila mtu. Amekuja kumwangalia binti yake wa biro, labda anaumwa.

Victorine alikuwa anapuliza makaa. Aliposikia sauti ile aliacha kila kitu, akajibana nyuma ya mabati ya bafu. Kutoka niliposimama nilimwona: amejaza pindo la kitenge mdomoni, na mukojo unamtiririka miguuni. Mwanamke mzima.

Mama Philomène naye alimwona. Akamtazama shefu, shati safi, meno meupe. Akavuta kiti cha wageni, ambacho angepewa shefu, akakikalia yeye.

"Victorine hayuko, Papa. Alienda Zongwe."

Shefu akaacha mkate, akaaga vizuri sana. Hakusema neno baya hata moja. Hiki njo kitu kinachonichanganya mpaka leo.

"Lakini hana alama," Mama Philomène akanong'ona, kama ananiuliza mimi. Kisha akachukua kitenge kikavu kwenye kamba, akaenda mpaka kwenye mabati.

"Vaa hiki, mudogo wangu. Kwa ule muntu hatuendi. Kuja ndani, ukule."