Zamu ya Jozi ya Kijivu

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu. Fundi cherehani huyu alilisikia la mkuu, akalitii, na guu ndipo lilipotaka kuvunjika.

Mkuu mwenyewe alikuwa mama yake. Dada mkubwa alipofariki, mama alivitia viatu vya marehemu vya kukimbilia, jozi ya kijivu, mfukoni, akauweka mfuko juu ya kabati. "Cha marehemu hakirudi barabarani," alisema, na binti aliyebaki akaitikia, "Ndiyo, mama."

Madada hao walikuwa na mguu mmoja, kwa maana ya kipimo. Jozi ya bluu na jozi ya kijivu zilikaa mlangoni, wakazivaa kwa zamu. Sheria zilikuwa za dada: kiatu kinunuliwe jioni, mguu ukishavimba kwa kazi, mbele ya vidole ibaki nafasi ya dole gumba, na kisivaliwe kila siku. "Soli nayo ina mgongo," alizoea kusema. "Ukiukalia kutwa, hauinuki."

Ilipobaki bluu peke yake, muundi wa fundi ukaanza kuwaka kila akanyagapo cherehani. Kwa pupa akanunua jozi nyekundu asubuhi, akiwa njiani kwenda kazini. Haukupita muda ukucha wa kidole ukawa mweusi kama mbegu ya papai.

Basi alfajiri moja, mama akiwa jikoni, alipanda kigoda akaushusha mfuko.

Muundi ulipona. Masikio ndiyo yaliyopata ugonjwa. Siku za kijivu alisikia hatua nyingine kushotoni kwake, mbele kidogo, pale pale dada alipopenda kukaa walipokimbia pamoja, ili amchokoze: "Vuta mguu, bibi harusi!" Akisimama, zile hatua huendelea kidogo, kisha nazo husimama, zikimngoja. Siku za bluu barabara ilikuwa yake peke yake, na ilikuwa ndefu.

Halafu akaigeuza soli. Yeye hutua kwa mbele. Dada alitua kwa kisigino, upande wa nje. Jicho la fundi halikosei mahali panapochakaa: mbele meno ya soli yalikuwa mazima, na kisigino kilikuwa kinazidi kuliwa. Nywele zilimsimama. Hata hivyo aliingoja siku ya kijivu kama mtu angojavyo mgeni wake.

Asubuhi moja alirudi kutoka mbioni akamkuta mama amekaa mlangoni, viatu vya kijivu mapajani.

"Una miguu mingapi wewe, jongoo?" Ulikuwa utani wake wa zamani, ila leo hakucheka.

"Miwili, mama."

"Na hivi?"

"Navivaa. Siku hivi, siku bluu. Mguu umepona."

"Nilikukataza. Leo navichoma moto, tuone utavaa nini."

Vikichomwa, nani atamngoja tena njiani?

Mama aliingiza mkono ndani ya kiatu, akatulia. Mkono haukutoka.

"Umetoka navyo leo?"

"Leo zamu ya bluu. Si hivi hapa miguuni?"

"Basi mbona vina moto?"

Binti aliinama, akagusa. Ndani mlikuwa na joto na unyevu wa jasho, kama kitanda alichoinuka mtu sasa hivi.

Mama akautoa mkono. "Nilimlaza mwanangu, wewe umemwamsha. Mwombe radhi. Na mimi pia uniombe radhi."

Fundi alivichukua taratibu kutoka mapajani mwake. Alilegeza kamba, akavuta ndimi za viatu nje vipate hewa, kama alivyofundishwa, akaviegemeza ukutani. Kisha akavua vya bluu, akavipanga kando yake.

"Dada hakupenda kulala, mama. Kesho zamu yake."

"Omba radhi, nakwambia!"

"Siombi."