Mawe ya Kufungia

Ukuta wa ghala ulikuwa umefumuka tumbo, na udongo ukamwagika kama unga kwenye gunia lililotoboka. Bryony Alderson hakuyajali mawe yaliyoanguka. Aliyatafuta yasiyokuwepo.

Kila ghala katika bonde la Swale lina mawe ya kufungia: marefu, yanayopenya ukuta mzima na kuzishika nyuso zake mbili zisiachane, ncha zikichomoza nje kwa safu. Ukuta huu aliujenga upya marehemu baba yake, fundi aliyesifiwa bonde zima. Sasa pale majanini palikuwa na vijiwe vifupi tu.

"Mzee Iveson, marefu yako wapi?"

Fundi aliyemwita kuukarabati ukuta hakuinua kichwa. "Marefu yapi, binti?"

"Usinifanye mjinga. Jana gari lako liliondoka limeinama nyuma."

"Lilinibeba mimi. Mke wangu anapika sana."

Bryony hakucheka. Watu wa mjini huyagombania mawe hayo kupambia bustani. Siku mbili alikuwa akimchungulia fundi huyu dirishani, na kila alipoinama, moyo ulimwambia: anaiba. Wiki ijayo ng'ombe wake wangeingia kujikinga na baridi. Ukuta usiofungwa ungewaangukia.

"Yarudishe, la sivyo nitaita polisi."

Iveson alivua glavu, akautazama ukuta uliobaki wima kama aliyeambiwa afukue kaburi.

"Nilitaka kumaliza kimya kimya. Jana nilibeba udongo aliojaza baba yako humo ndani badala ya mawe. Haya, vuta lile."

Bryony alilishika jiwe lililochomoza, akajikaza. Likang'oka kama jino bovu, fupi kama mkate. Akavuta la pili. La tatu. Ncha tupu, zilizopachikwa kudanganya macho.

"Baba asingefanya hivi."

"Kazi zilimzidi. Na nani angemkagua yeye?"

Bryony akainua macho. Maghala yalitapakaa bondeni, moja kila shamba.

"Alijenga mangapi namna hii?"

"Manne, niyajuayo."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi. Na sasa wewe."

Ng'ambo ya mto, Bi Thwaite alikuwa akiita ng'ombe wake kwa majina, akiwaingiza ghalani mmoja mmoja. Alipomwona Bryony akampungia mkono.

"Lile pia?" Bryony aliuliza.

Iveson alikuwa akivaa glavu zake, kidole kimoja kimoja.

Bryony alikuwa bado amelikumbatia lile jiwe la tatu. Bila kuliweka chini, akaanza kuteremka kuelekea darajani.