Mpira Aliougawa Emmett Halvorsen

Simu ya kizimbani, pale warushaji wa akiba wanapopashia mkono moto, ililia katikati ya raundi ya saba kati ya tisa, na kocha Lonnie Hatcher akaipokea kama anavyoipokea siku zote, akisikiliza huku akitema maganda ya alizeti. Emmett Halvorsen alikuwa ameshapasha mkono moto vya kutosha. Bega lilikuwa limelainika, jasho limemtoka vizuri, na kule uwanjani mrushaji wao aliyekuwa kichuguuni, pale pa kurushia mpira, alikuwa ameshawaachia wapinzani wawili wafike vituoni. Kila dalili ilionyesha kwamba zamu yake imefika. Kocha akakata simu, akamtazama, akamwambia akae.

Emmett aliuliza kama amekosea kitu. Kocha akasema hajui. Aliuliza kama basi atarusha raundi ya nane. Kocha akasema hilo nalo halijui, yeye ameambiwa Halvorsen akae, kwa hiyo Halvorsen na akae.

Besiboli ina kazi nyingi za ajabu, lakini hakuna inayomchanganya mtu akili kama ya mrushaji wa akiba. Unasimama, unapasha mkono, unakaa. Unavua koti, unalivaa. Chuoni kwao Nebraska, Emmett alikuwa mrushaji wa kuanza mechi, mwenye siku yake inayojulikana, na baba yake aliweza kufunga duka lake la vipuri vya matrekta mapema ili aje kumtazama. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tatu, mwezi wa nne katika timu ya Nungunungu wa Fort Dunning, na hakuweza kumwambia mtu yeyote kama leo atacheza. Baba alipiga simu kila Jumapili kuuliza kwa nini hakumwona, na Emmett alijibu kwamba hakuitwa, na baba akauliza kwa nini hakuitwa, na mazungumzo yakaishia hapo hapo kila wiki.

Jambo moja tu lilikuwa wazi. Klabu mama, ile ya Ligi Kuu inayowalipa wote mishahara, ilikuwa imepungukiwa mrushaji wa akiba mmoja. Mmoja tu. Atakayepanda angetoka kwenye kizimba hiki, na kila mtu katika benchi lile alijua hivyo na kujifanya hajui. Emmett aliitaka nafasi hiyo mpaka chakula kilimshinda.

Basi alikuwa amekaa hapo, mkono wake ukipoa bure, aliposikia anaitwa kutoka nyuma ya uzio. Alikuwa Bi Marlene, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa hakosi mechi hata mvua inyeshe. Alikuwa na simu mkononi na machozi yakimlengalenga.

"Emmett, mwanangu, wamekubadilisha," alisema. "Imeandikwa hapa. Unakwenda pwani ya magharibi."

Kizimba kizima kiligeuka. Ilikuwa imebaki siku moja kabla ya dirisha la kubadilishana wachezaji kufungwa, na katika siku hizo mchezaji akiambiwa akae bila sababu, kila mtu anaelewa sababu. Aliyekwisha kutolewa hachezeshwi, asije akaumia kabla hajafikishwa kwa mwenyewe. Wakaanza kumkumbatia mmoja mmoja, wanaume wazima, mechi ikiendelea. Kocha Hatcher, ambaye hakuwahi kumpa zaidi ya maneno matatu kwa mkupuo, alimshika shingo akamwambia amekuwa mtu mzuri wa kufanya naye kazi. Emmett akazidi kuchanganyikiwa. Hakujua kama anapongezwa au anazikwa.

Wa mwisho kumfikia alikuwa Clete Duggan. Duggan alikuwa na miaka thelathini na tatu, mabinti watatu huko Kentucky, na miaka kumi na mmoja katika ligi za chini bila kukanyaga Ligi Kuu hata siku moja. Mpira wake wa kasi ulikuwa hauna kasi tena. Ndiye aliyempokea Emmett alipofika, akamfundisha jinsi ya kulala kwenye basi bila kuvunja shingo na mkahawa gani usile mayai yake. Emmett alimpenda mtu yule, na hakuwa amewahi kumwambia. Leo, kwa kuwa anaondoka, moyo ulimjaa, na mtu akijaa moyo hutafuta kitu cha kutoa.

"Kaka Clete, nipe mkono wako," alisema.

"Wa nini tena?"

"Nipe tu, bwana."

Akamwekea mpira kiganjani. Emmett alikuwa na mpira wake mmoja wa siri, yaani namna yake mwenyewe ya kuushika na kuurusha. Aliugundua chuoni alipokatwa kidole cha shahada na kopo la maharage, akalazimika kurusha bila kukikandamiza kidole hicho. Ulikuja mbele ya mpigaji kama mpira wa kawaida kabisa, kisha, fimbo ikishaanza safari, ukazama. Makocha waliuona ukizama lakini hakuna aliyewahi kuonyeshwa unavyoshikwa. Emmett alikipanga kidole cha kati cha Duggan juu ya mshono, akakipanga cha pete pembeni yake, akamwambia cha shahada akiache kama hakipo.

Duggan aliutazama mkono wake. "Dogo, huu ndio ule?"

"Ndio huo. Mimi naenda mbali, hatutagombana."

Duggan akaurusha mara tano pale pale kizimbani. Wa tano ulizama, mdakaji wa kizimbani akaukosa, ukamgonga gotini. Duggan akacheka kama mtoto, na Emmett akajiona mtu mkubwa kupita umri wake.

Baada ya mechi meneja Ruben Arce, mkuu wa makocha na ndiye anayepiga simu ile ya kizimbani, alimwita ofisini akamweleza kwamba hana la kumweleza. Aende nyumbani, asikae mbali na simu. Emmett akafungasha. Fimbo yake ya kuvulia samaki akampa mdakaji, birika akampa jirani, mto akauacha kwa Duggan. Akampigia baba, na baba akataka kujua amebadilishwa na nani, na kama huyo nani ni mzuri kuliko yeye.

Kesho yake alikaa juu ya begi siku nzima. Jioni dirisha lilifungwa, na asubuhi iliyofuata Arce akampigia: mpango umevunjika. Kijana aliyekuwa aje badala yake alipimwa kiwiko na madaktari hawakupenda walichokiona. "Kwa hiyo wewe bado ni wetu," Arce alisema, kwa sauti ya mtu anayerudisha shati dukani. "Njoo saa nane."

Alirudi, wakamcheka hadi wakakaa chini. Mtu alikuwa amebandika karatasi kwenye kabati lake, KARIBU MGENI. Mdakaji akamrudishia fimbo ya samaki, jirani akamrudishia birika, na mto aliukuta umewekwa juu ya kiti chake. Duggan hakucheka. Alisubiri wengine watoke kwenda mazoezini.

"Dogo, sema neno moja tu niuache," alisema. "Nimeutupa siku mbili tu. Sijauzoea bado. Nikiuacha leo haitaniuma."

Emmett alijua anachotaka kusema. Alitaka kusema ndiyo, uache, tafadhali, ni kitu pekee nilicho nacho. Lakini aliona aibu. Alikuwa ametoa zawadi mbele ya watu wote wakimwangalia, akajiona mkubwa kwa ajili yake, na sasa angeonekana mtu wa namna gani?

"Utupe tu, kaka," alisema. "Mpira ni mpira."

"Una hakika?"

"Nimeshasema."

Kwa nini alijibu hivyo hakujua, na ukimuuliza leo hataweza kukueleza. Nadhani alitumaini kwamba mzee hatauweza.

Mzee aliuweza. Wiki ile walikuwa na mechi nne mfululizo dhidi ya timu moja hiyo hiyo, na simu ya kizimbani ilipolia siku ya kwanza, kocha Hatcher alisema Duggan. Siku ya pili, Duggan. Siku ya tatu, Duggan tena. Wapigaji waliokuwa wakimtandika mwaka mzima walipunga fimbo juu ya mpira ambao haukuwepo tena pale, wakarudi kwenye benchi lao wakitikisa vichwa. Kila aliporudi kizimbani, Duggan alikaa karibu na Emmett na kumuuliza kwa sauti ya chini kuhusu kidole cha pete, kikae juu zaidi au chini, na Emmett alimjibu kwa ukweli. Alifurahi na alijuta, yote kwa pamoja, na hakujua ni lipi lililokuwa lake hasa.

Siku ya nne alikuja bwana mmoja kutoka klabu mama, mwenye kofia ya majani na mashine ya kupima kasi, akakaa nyuma ya mdakaji. Raundi ya tisa simu ililia.

"Halvorsen," alisema Hatcher.

Emmett alikimbia hadi kichuguuni na miguu yake haikugusa nyasi. Kwa mpigaji wa kwanza alirusha mpira wa kasi, kisha mwingine wa kasi, na fimbo ikakosa yote miwili. Ukabaki mmoja tu, maana mpigaji akikosa mitatu anatoka, na huo wa tatu alikuwa nao tangu kopo la maharage. Akaushika, akaurusha, ukaenda jinsi ulivyotakiwa, ukazama jinsi ulivyotakiwa. Mpigaji hakutikisika. Aliutazama ukipita chini ya magoti yake, ambapo usipopigwa haumfai mrushaji kitu, kama mtu anayetazama basi lisilo lake.

Hapo ndipo Emmett alipoelewa. Wapigaji wale walikuwa wamekaa kwenye benchi siku tatu wakiusoma. Kwa Duggan siku ya kwanza ulikuwa muujiza. Kwake siku ya nne ulikuwa habari ya jana. Aliurusha tena, ukaachwa tena. Akarudi kwenye mpira wa kasi, na kwa kuwa walijua sasa ndio pekee uliobaki, wakautandika. Wakimbiaji watatu walifika kituo cha nyumbani, mabao matatu, kabla Arce hajatoka kuja kuuchukua mpira mkononi mwake. Bwana mwenye kofia alikuwa ameshaifunga mashine yake.

Duggan aliitwa ofisini kabla hajavua viatu, akaambiwa ndiye anayepanda. Alipotoka alijaribu kumpigia mkewe na sauti ikagoma kutoka, ikabidi kocha Hatcher achukue simu amwambie yeye. Watu walilia, Emmett naye alilia, na katika machozi yake yalikuwamo ya kila aina. Alimbebea begi mpaka garini.

"Wakiniuliza nitawaambia," Duggan alisema. "Nakuahidi."

Na aliwaambia kweli. Jumamosi aliingia raundi ya nane mbele ya watu elfu thelathini, akawatoa wapigaji watatu, na baada ya mechi mtangazaji akamweka mbele ya kamera kumuuliza mpira ule kautoa wapi katika umri huo. Duggan, jasho likimchuruzika, alisema alifundishwa na kijana mmoja huko Fort Dunning. Mtangazaji akacheka, akamsifu kwa unyenyekevu wake, akapitisha matangazo ya biashara kabla jina halijatajwa.

Jumapili baba alipiga simu kwa wakati wake.

"Umemwona yule mzee wenu?" aliuliza. "Ule mpira wake umeuona?"

"Nimeuona."

"Eti kafundishwa na kijana mmoja hapo hapo kwenu. Miezi minne uko kwenye benchi hilo, mwanangu. Sasa wewe ulikuwa wapi kijana huyo alipokuwa akifundisha?"

Emmett alifungua mdomo kumwambia, kisha akaona jinsi maelezo yatakavyokuwa marefu, na swali litakalofuata, na lile litakalofuata hilo.

"Nilikuwepo, baba," alisema.