Anwani ya Dada

Shemeji aliingia ofisini, akafunga mlango kwa teke, akanikaba koo kabla sijasema karibu. Dada yangu alikuwa amemkimbia wiki iliyopita, uso umevimba hatambuliki. Sasa huyu mumewe alikuwa amenusa kwamba kampuni yetu ya kusafirisha mizigo ndiyo iliyompelekea masanduku yake huko alikojificha.

"Shemeji, usinichoshe. Nataka anwani yake," alisema, kisu kikiwa chini ya sikio langu. "Leo namaliza kazi."

Sijawahi kumpenda, na siku hiyo nilimchukia hadi meno yakauma. Nikafungua kanzidata. Kwa SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata maswali, niliunganisha majedwali matatu: wateja, mizigo, na wafanyakazi wanaoipokea mizigo hiyo hapa ofisini. Nikachagua safu ya jina la mteja, kisha nikaandika "anwani" tupu, nikijua mashine itagoma. Wateja wana safu ya anwani, wafanyakazi nao wanayo; usipotaja jedwali, haijui ikupe ipi. Nilikuwa navuta muda tu.

Herufi nyekundu zikajaa kwenye skrini. Shemeji akakamata kidole changu kidogo, akakikunja nyuma hadi kikaalika. Niliona nyota mchana kweupe.

"Unanifanya mtoto mdogo?"

"Lazima nitaje jedwali," nikasema, machozi yakinitoka. "Ngoja, nataja."

Jina nikalitoa kwenye wateja. Anwani nikaitoa kwenye wafanyakazi. Masanduku ya dada niliyapokea mimi mwenyewe, kwa hiyo jibu lilitoka safi kabisa: kushoto jina lake, kulia chumba changu kipya, ninachoishi peke yangu, ambacho shemeji hakukijua.

"Kumbe ukibanwa unasema," akacheka. "Twende wote. Wewe utabisha hodi, mimi nitamsalimia."

Basi nikabisha hodi kwangu mwenyewe, kama mgeni. Kimya. Shemeji akanisukuma pembeni, akauvunja mlango ninaoulipia kodi, akaingia akimtukana dada kwa sauti. Nyundo ilikuwa juu ya kabati, nilipoiacha asubuhi baada ya kutundika pazia. Sikuhitaji kuitafuta.

Nilianza na goti. Alipoanguka, nikauvunja mkono ulioshika kisu.

"Shemeji, basi! Basi, nakuomba!"

"Dada naye alikuwa anakuambia hivyohivyo," nikamjibu, nikainua nyundo tena.