Dakika Nne za Redio

Kwenye jumuiya ile ya watu wa kompyuta hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Refa, kwa sababu kila mwaka kongamano lilipofika alijitolea kazi moja tu, ile ambayo wenzake waliikimbia: kukaa kiti cha mbele ukumbini na kuwanyooshea wazungumzaji kadi. Kadi ya kijani, zimebaki dakika kumi. Ya njano, zimebaki tano. Nyekundu, funga mdomo ushuke. Wengine waliojitolea waligombania kugawa beji mlangoni, ambako mtu hupigwa picha na wageni. Yeye aliipenda kazi ya kuchukiwa. Na ilihitajika kweli, maana watu wa kompyuta ndivyo walivyo: mtu anakaa mwaka mzima bila kumsalimia jirani yake, lakini mpe maiki na slaidi thelathini, uone kama atashuka.

Mwaka huu mratibu alimpigia simu mapema.

"Dada, mwaka huu pumzika," alimwambia. "Tutakuweka kwenye chai, au kaa nyumbani kabisa. Hakuna atakayekulaumu."

"Nitakaa Ukumbi wa Tatu," Refa akajibu. "Palepale."

Mratibu hakubisha. Wote walijua kwamba Ukumbi wa Tatu ndiko alikozungumza mdogo wake kwa mara ya mwisho. Huyo walimwita Redio, kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa hauzimwi. Alizungumza Jumamosi asubuhi, na siku tisa baadaye moyo ukasimama akiwa ameinama kufunga kamba za viatu aende kazini. Watu wakadhani dada mtu anarudi pale kwa mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, sikatai. Lakini kilichomrudisha ni kosa, na kosa lenyewe alilijua peke yake.

Ilikuwa hivi. Anayepima muda ana sheria moja: bonyeza saa ya simu mzungumzaji anapotamka neno la kwanza, si kabla. Siku ile Redio alipanda jukwaani amevaa shati jipya, na dada yake akabonyeza mapema ili awe tayari, kisha akaigeuza simu ileile ampige picha ya kumtumia mama yao. Alikusudia kuanza kuhesabu upya. Mshereheshaji naye, ambaye huipenda sauti yake kuliko tunavyoipenda sisi, akamtambulisha mzungumzaji kwa dakika nne nzima. Refa akaituma picha, akaridhika nayo, akailaza simu pajani. Kuanza upya akasahau.

Basi Redio, aliyepewa dakika ishirini, akapata kumi na sita. Alipoiona kadi nyekundu alisita. Alimtazama dada yake kwa macho ya kuuliza, na Refa, kwa kuwa hakutaka ionekane anambeba ndugu yake, akaiinua kadi juu zaidi.

"Refa ameamua," Redio akasema. Ukumbi ukacheka. Akaweka maiki mezani, akashuka.

Refa aligundua kosa lake siku ya tatu ya msiba, alipofungua video ya jumuiya ili tu asikie sauti ya mdogo wake. Alihesabu tangu neno la kwanza hadi la mwisho, akapata kumi na sita. Akahesabu tena. Tangu siku hiyo aliitazama video ile mpaka akakijua kila kikohozi cha ukumbini, na hakumwambia mtu.

Ukumbi wa Tatu ulikuwa haujabadilika. Zulia la kijivu, nyaya zimegandishwa sakafuni kwa gundi ya karatasi, projekta yenye doa la manjano pembeni. Mzungumzaji wa kwanza alikuwa mama mmoja wa benki, akieleza jinsi watu wanavyoibiwa nywila zao. Alizungumza vizuri, na dakika ya ishirini Refa akainua kadi nyekundu.

Nyuma ya yule mama, karibu na meza, alikuwa amesimama mwanamume aliyekunja mikono ya shati.

Refa alipepesa macho. Mwanamume hakuondoka. Hakumtazama mtu, alisimama kama anavyosimama mtu anayemsubiri mwenzake amalize ili naye aendelee. Mama wa benki aliposhuka na makofi yakapigwa, pale mezani hapakuwa na mtu.

Kwa mzungumzaji wa pili ikawa vilevile, kadi nyekundu ilipoinuka, ila safari hii alikuwa karibu zaidi, na kifuani mwa shati ilionekana mikunjo ya dukani, ile ambayo haikupigwa pasi kwa sababu ya haraka. Fundi wa sauti akainua kichwa kwenye mashine yake.

"Nani kawasha maiki ya pili?"

Hakuna aliyejibu. Maiki ililala mezani, taa yake ndogo ikiwaka.

"Kuna mtu anapumua humu," fundi akasema, akivua vifaa vya masikioni. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akaizima.

Refa hakuogopa. Alijua mdogo wake anasubiri nini: dakika zake nne.

Saa ya chai watu walimiminika nje, yeye akabaki amekaa na kadi zake mapajani. Ndipo alipoingia wifi yake, mjane wa Redio, amevaa beji ya wageni. Alikuwa muuguzi, mwanamke wa maneno machache, na tangu msiba maneno yenyewe yalizidi kupungua.

"Wifi, pole na kazi."

"Ahsante. Mbona hukuniambia unakuja?"

"Ungenizuia." Akakaa kiti cha jirani, akalitazama jukwaa. "Nilitaka kupaona tena. Siku ile nilikaa kule nyuma, na kuna kitu sijawahi kukueleza chote."

Refa akazipanga kadi zake.

"Unamjua ndugu yako. Hata aliyekosea namba ya simu alikuwa anaongea naye robo saa. Kwa hiyo hotuba ile niliisimamia mwenyewe nyumbani. Tuliifanyia mazoezi mara sita, mimi nikimhesabia. Mara zote sita alimaliza dakika ya kumi na tisa. Halafu hapa muda ukamwishia, slaidi nne bado." Aliikunja mikono. "Unajua maana yake? Alikuwa anazungumza taratibu. Pumzi haikumtosha. Moyo ulishaanza kuchoka siku ile, na mimi muuguzi, kazi yangu ni kuona, nikaona. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na zamu na nilitaka tuwahi nyumbani nikalale. Siku tisa nilikuwa nazo za kumpeleka kwa daktari, wifi. Siku tisa."

Jibu Refa alikuwa nalo mdomoni, lile alilompa mwaka mzima: ni mipango ya Mungu, usijitese. Lingetoka bila shida. Alipoinua macho, mwanamume alikuwa kwenye ukingo wa jukwaa, mchana kweupe, hakuna kadi iliyoinuliwa, na kwa mara ya kwanza alikuwa anamtazama yeye. Ni yale macho ya kuuliza.

"Hakuzungumza taratibu," Refa akasema. "Mimi nilianza kuhesabu mapema. Nilikuwa nampiga picha. Alizungumza dakika kumi na sita tu, mimi ndiye niliyemkata. Angemaliza ya kumi na tisa, kama nyumbani."

Wifi hakugeuka.

"Una hakika?"

"Ipo kwenye video. Hesabu mwenyewe."

"Kwa hiyo siku ile alikuwa mzima."

"Alizungumza kama siku zote. Hukuona kitu kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuona."

Wifi alijifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Refa alinyoosha mkono amshike, na alikuwa bado hajamgusa, viganja vikashuka.

"Umejua tangu lini?"

"Siku ya tatu ya msiba."

"Siku ya tatu." Wifi alilirudia taratibu, kama anayesoma kipimo cha mgonjwa. "Mwezi wa pili baada ya msiba nilikuja kwako, nikakuambia sistahili kuvaa sare tena. Ukanimiminia chai. Ukanishika mkono, kama ulivyotaka kunishika sasa."

"Ndiyo."

"Nimetoka wodini, wifi. Nimeomba wanipeleke kwenye mafaili, kwa sababu siyaamini macho yangu. Nilikuwa naamka namwomba msamaha mtu ambaye sikumkosea."

"Najua."

"Unajua," wifi akasema.

Hakupandisha sauti. Alivua beji ya wageni, akaiweka kwenye kiti alichokuwa amekaa, akatoka. Refa alitaka kumfuata, lakini watu wa chai walikuwa wanarudi, na mratibu mlangoni alikuwa anamwonyesha saa yake kwa kidole.

Mzungumzaji aliyefuata alikuwa mwalimu wa chuo, mzee mpole wa sauti ya chini. Refa alisubiri neno la kwanza, ndipo akabonyeza. Kijani, njano, yote kwa wakati wake. Dakika ya ishirini akainua nyekundu, akatazama nyuma ya mwalimu.

Meza. Chupa ya maji. Maiki mbili, zote zimezimwa. Ukuta.

Mwalimu alishukuru, akapigiwa makofi, akakusanya nyaya zake. Watu wakaenda kula. Refa alibaki na kadi juu, akijiambia labda mdogo wake amechelewa, labda njia ya huko ni ndefu, labda na yeye amekasirika kwanza. Mwaka mzima aliomba aondolewe hatia ile. Hakujua kwamba ndiyo iliyokuwa imemshikilia mdogo wake pale, na sasa alitamani kuirudisha, hata kama kuirudisha kungekuwa dhambi kubwa kuliko ya mwanzo.

Fundi wa sauti alimaliza kukunja nyaya, akazima projekta, akamkaribia.

"Dada, shusha mkono. Wameshatoka wote."

"Najua," Refa akasema, na mkono haukushuka.