Mahameli ya Mwalimu Mkuu

...tatu, nne, na msuli haujapanda, yule mtaalamu wa mazoezi alisema weka kiganja juu ya paja, sukuma goti chini kwenye godoro, utausikia msuli ukijikusanya kama ngumi, tano, sita, kiganja kipo, paja lipo, kinachojikusanya ni maumivu tu, yanaanzia pale walipotia chuma na kushuka mpaka kifundoni, saba, na upande wa pili wa pazia mwalimu mkuu anacheka, anamwambia mke wangu, "Fundi, usinibane kiuno, siku ya kuagwa kazini nataka kula," na mke wangu anamjibu, "Mwalimu, nimekuachia nafasi ya sahani mbili," nane... fundi, amemwita fundi, miaka kumi na mmoja mwanamke huyu nimemshonea mimi, magauni, sketi, koti la msiba wa baba yake nililolimaliza kwa siku moja, na miaka yote hiyo fundi nilikuwa mimi na mke wangu alikuwa mama, mama nipe kiti, mama fundi yupo, nimelala wiki saba tu na jina limeshahamia kwa mwingine, tena kwa mtu niliyemfundisha mwenyewe kutia uzi kwenye sindano, nimepoteza hesabu, naanza upya, moja, "Na mgonjwa anaendeleaje?" mwalimu anauliza, "Anaendelea, leo kanigombeza mara mbili, ujue amepata nafuu," wanacheka wote wawili, hatua sita kutoka hapa nilipo, hatua sita ambazo kwangu sasa ni magongo mawili na shati lililolowa jasho, mbili, tatu, daktari ameonyesha picha, mfupa umeunga vizuri, kilichobaki ni msuli, umenywea, alisema, na mimi niliporudi nyumbani nikaupima kwa futi yangu mwenyewe, paja la kulia limepungua inchi mbili na robo, ningekuwa mteja ningeambiwa suruali ipunguzwe mguu mmoja, na cherehani yetu ni ya kukanyaga, mguu wa kulia ndio injini, mguu wake yeye nausikia tangu asubuhi, haukwami, unapunguza mwendo kwenye kona ya mfuko na kuongeza kwenye pindo refu, wanaume wengine huwaonea wivu wanaume wenzao, mimi namwonea wivu mke wangu kifundo cha mguu... "Haya, fundi, Alhamisi nitakuja kujaribu," mlango umefungwa, mwalimu ameondoka, nne, tano, lakini kukata sikumfundisha, kushona ndiyo, kukata nilijiwekea, kila asubuhi huja hapa kitandani na kitambaa begani, baba watoto, hapa nikate inchi ngapi, baba watoto, bega hili nilishushe, nami humjibu taratibu nikiwa nimefumba macho, ndiyo dakika pekee katika siku nzima ambayo mguu hauniumi, sita, sasa anakunjua mahameli, namwona kwenye kioo cha wateja, pazia halijafika mwisho, naona meza, mikono yake na mkasi, mahameli nyeusi ambayo mwalimu ameinunua mwenyewe na duka halina nyingine, saba, na mahameli ina manyoya mafupi yanayolala upande mmoja, ukipanga vipande kichwa huku miguu kule ili uokoe kitambaa, utashona koti lenye mkono mmoja mweusi na mwingine wa kijivu, na kitambaa kikishakatwa hakuna wa kukirudisha, hili hajawahi kuniuliza, na anazipanga karatasi za kukatia koti hivyo hivyo, kichwa huku miguu kule, naona, mdomo nimeshaufungua, nimeufunga... aache akate, mwalimu atasimama Alhamisi mbele ya kioo hicho hicho, atanyoosha mkono mmoja, atanyoosha wa pili, atasema fundi yuko wapi, namtaka fundi mwenyewe, na mimi nitatoka na magongo yangu, Mungu anisamehe, nimefurahi, nimefurahi mpaka maumivu yamepungua... amesimama, ameweka kiganja juu ya mahameli, anakipitisha kushuka, anakipitisha kupanda, polepole, kama mtu anayempima mtoto homa, ameinama kutazama rangi, anaondoa karatasi zote, anazipanga tena, shingo zote zimeelekea dirishani, amegeuza kitambaa, anachora mshale wa chaki nyuma ya kila kipande, mdogo, wenye mkia uliopinda kidogo, mshale wangu, sikumwonyesha mtu mshale ule, alikuwa akipiga pasi kule pembeni miaka yote hiyo, nilidhani anaangalia pasi... basi jana, ile kola, niongeze robo inchi baba watoto, na kola ilikuwa mkononi mwake imeshakatwa na kukunjwa, niliiona, nikajifanya sikuiona, nikamwambia ndiyo, ongeza robo, naye akasema asante, na ile suruali ya juzi, na lile bega, wiki saba ameniletea maswali kama anavyoniletea vidonge na maji, na mimi nimeyameza, nimelala hapa nikijiona bado nimeshika mkasi... pazia limesogea, huyu hapa, mkasi mkononi, vumbi la chaki kwenye nyusi, "Baba watoto, hii mahameli niilazeje?" na uso wake ni ule ule wa kila asubuhi, uso wa mtu asiyejua, anaujua vizuri, nami najua wangu unaotakiwa, kufumba macho, kuvuta pumzi, kusema taratibu, naweza, ni rahisi kuliko kukaza msuli, "Ulivyoilaza ndivyo," nimesema, ametazama kioo, ameitazama nafasi pazia lilipoishia, amenitazama mimi, kama mtu aliyefumaniwa akiiba, na kiganja changu bado kiko juu ya paja na paja bado ni laini, na bado namwonea wivu, mguu, mikono, ile nafasi ya sahani mbili, ila sitaki tena aharibu, "Kata," nimemwambia, "kata kabla chaki haijafutika," na hajaondoka, amesimama tu pale, anatafuta swali lingine.