Kauli ya Litapunga

Mwaka ule Wamarekani walipokuwa wakimtafuta rais wao, Inyonga nayo ilikuwa ikimtafuta mwenyekiti wa asali, na mgeni aliyeshuka kwenye basi asingetambua upesi ni uchaguzi upi uliokuwa ukizungumzwa. Katika banda la kupokelea asali, wafugaji nyuki walisubiri ndoo zao zipimwe huku redio ikiunguruma dirishani tangu asubuhi. Watu ambao hawajapata kufika Ilunde, iliyo katika wilaya yao wenyewe, walibishana kuhusu Pensilvania kama waliozaliwa huko.

Skolastika, ambaye wengi walimwita Mama Danford, alikuwa ametoka Ugalla alfajiri na ndoo nne. Mbili zilipimwa, mbili zilikataliwa kwa kuwa asali yake ilikuwa imeanza kuchacha. Haikuwa mara ya kwanza. Chama cha wafugaji nyuki kilikuwa na vikundi saba vilivyotawanyika Katavi nzima, lakini banda lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa hapo Inyonga. Asali ya vikundi vya mbali ilikaa siku nyingi juani ikisubiri usafiri, wakati gari la chama likilala uani. Katika mikutano mikuu mitatu mfululizo Skolastika alikuwa amesimama kuomba gari hilo lifuate asali vijijini, na mara zote tatu aliambiwa kwamba hoja yake ni nzuri na itafanyiwa kazi. Mwaka huo mwenyekiti wa zamani alistaafu. Wanawake wa Ugalla wakamwambia bila kuzunguka, "Mama Danford, kagombee wewe. Tukikosa safari hii, mizinga tunaiacha iliwe na mchwa, sisi tunarudi kwenye mahindi."

Mpinzani wake alikuwa Manyanda, mtu wa Inyonga mwenye ng'ombe wengi, mizinga mingi zaidi, na kicheko kilichosikika kabla hajaonekana. Alipomwona Skolastika akizifunika zile ndoo mbili, alisogea karibu na redio ili kila mtu amsikie.

"Mama Danford, unawasikia Wamarekani? Wamemsimamisha mwanamke."

"Nawasikia, baba."

"Watu waliofika mwezini hao! Na tangu nchi yao iwe nchi hawajawahi kumpa mwanamke kile kiti. Sasa wewe wa Ugalla unatafuta nini?"

"Natafuta gari la asali. Na hapa kwetu Rais ni mwanamke, au umehamia Marekani hujatuaga?"

Banda zima liliangua kicheko, na Manyanda mwenyewe akacheka kuliko wote.

"Hapo umenipata. Lakini hii ni kazi ya nyuki, mama. Desturi yetu mwanamke hapandi mti kutundika mzinga. Utawaongozaje wapandaji ukiwa chini?"

"Mwenyekiti anakalia kiti, baba. Mimi sijaona kiti kilichotundikwa mtini."

Walicheka tena, lakini Skolastika aliwatazama nyuso zao akajua kwamba kicheko kile si kura. Manyanda alikuwa ametoa simu yake na kuwaonyesha picha za mikutano ya kampeni ya huko Marekani. Akawaeleza kwamba hakuna haja ya kusubiri matokeo. Yeye alikulia katika ngoma za Kisukuma, ambako makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji huhama kutoka upande huu kwenda ule. Jua likikaribia kuzama hutazamwa tu watu wamejaa wapi, na aliyewavuta wengi ndiye mshindi.

"Hata Marekani ni ngoma," alisema. "Niambie nani ana nyomi, nami nitakwambia rais."

Ndipo mtangazaji wa redio akaanza kueleza jambo lililowashangaza. Alisema kwamba Marekani kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe. Kwamba katika karibu majimbo yote, anayeshinda huwachukua wajumbe wote wa jimbo hilo. Na kwamba imepata kutokea zaidi ya mara moja mtu akapata kura nyingi za wananchi kuliko mwenzake, na bado akaukosa urais.

"Huo ni wizi mtupu!" alisema mtu mmoja kutoka nyuma ya mizani.

"Si wizi, ni utaratibu," alijibu Kasimu, katibu wa chama, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake.

"Utaratibu gani wa mwenye watu wengi kushindwa? Wamechanganyikiwa hao!"

Mabishano yakawaka upya. Skolastika hakushiriki. Alingoja hadi watu walipopungua, akamwendea Kasimu na kumwomba katiba ya chama. Kasimu akampa. Alikaa kwenye gogo nje ya banda, akaisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikitangulia jicho, mpaka akafika ibara ya kumi na nne. Humo iliandikwa kwamba mwenyekiti huchaguliwa na wajumbe ishirini na watano. Vikundi viwili vikubwa vya Inyonga, vyenye zaidi ya nusu ya wanachama wote, vina wajumbe watano kila kimoja. Vikundi vitano vidogo, yaani Ugalla, Ilunde, Kamsisi, Nsenkwa na Litapunga, vina watatu kila kimoja. Na wajumbe wa kikundi hutoa kauli moja, ile iliyoamuliwa na kikundi chao.

Alipiga hesabu kwa kijiti ardhini. Inyonga yote ni wajumbe kumi. Vijiji vyote vitano ni kumi na watano. Ushindi ni kumi na watatu. Kijiji kimoja tu kikienda kwa Manyanda, Manyanda anafikisha kumi na watatu, na yeye anabaki na kumi na wawili.

"Kasimu, hii ibara kila mgombea anaijua?"

"Niliisoma mbele ya wagombea wote wawili siku ya kuchukua fomu," alisema Kasimu. "Wewe ulikuwa ukisinzia kwa uchovu wa safari. Mwenzako alikuwa akizungumza na simu."

Kuanzia siku hiyo Skolastika alihama nyumbani kwake. Yeye na wifi yake Gaudensia walipanda pikipiki, walipanda malori ya mbao, na pale ambapo mvua za kwanza zilikuwa zimekata njia walitembea kwa miguu. Walifika Ilunde, wakafika Kamsisi, wakafika Nsenkwa. Kila kijiji alikaa na watu, akauliza, akaandika majibu. Wakati huohuo Manyanda alichinja ng'ombe wawili Inyonga. Watu walikuja wengi kiasi kwamba wengine walikula wamesimama, na picha za umati ule zilisambaa katika simu za Katavi nzima.

Litapunga waliiacha mwisho, kwa sababu ndiko walikokuogopa. Iko mbali, katika wilaya nyingine kabisa, na kiongozi wa kikundi chake, mzee Luhende, alimwoza Manyanda dada yake. Luhende aliwapokea vizuri, akawapa viti, kisha akafungua simu na kuwaonyesha ile picha.

"Mayu, mama yetu, unaona watu hawa? Kwetu sisi uwanja ukijaa hivi, ngoma imekwisha."

"Nimewaona, mzee. Naomba nikuulize. Walimfuata Manyanda au walimfuata ng'ombe?"

Gaudensia akadakia, "Mimi mwenyewe ningekuwa Inyonga ningekwenda! Nyama haina chama."

Luhende alicheka mpaka akashika mbavu, lakini hakuahidi kitu. Skolastika akafungua daftari lake na kuuliza maswali yaleyale: asali yenu inasafirije, inachukua siku ngapi, mnapoteza ndoo ngapi. Watu wa kikundi wakaanza kujibu, mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja. Walikuwa wakiipeleka kwa baiskeli hadi Mpanda mjini, kisha wakiipakia kwenye basi la Inyonga. Msimu uliopita walikuwa wamemwaga ndoo kumi na moja. Aliandika mpaka kurasa zikamwishia. Alipoondoka, Luhende alisema tu, "Tutakaa, tutaamua."

Jumatano ya wiki ile ya mkutano mkuu, mchana, matokeo ya Marekani yalitangazwa. Gaudensia aliingia jikoni kwa Skolastika akiwa kama aliyefiwa.

"Wifi, wamemkataa."

"Wamemkataa nani?"

"Yule mama wa Marekani."

"Alikuwa akigombea Ugalla?"

"Usinichekeshe, nina uchungu. Manyanda anazunguka Inyonga na pikipiki kumi zikipiga honi. Anasema Wamarekani wamekwisha kutuonyesha njia."

Skolastika aliendelea kusonga ugali. Haikuwa rahisi kusikia habari ile na kujifanya haimhusu. Alijua kwamba katika kila kijiji alichopita kulikuwa na mtu mmoja au wawili ambao sasa wangesema, kama taifa kubwa vile limekataa, sisi ni nani? Alitamani kurudi Litapunga siku hiyohiyo. Lakini usafiri haukuwapo, na muda haukutosha. Akaepua sufuria.

"Wale wamechagua kwa mambo yao," alisema. "Sisi asali yetu inachacha. Kaa ule."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Manyanda aliingia na umati wake wakiimba, wakajaza hata madirisha. Kasimu, aliyependa kila jambo likae mahali pake, aliwaomba wasio wajumbe warudi nyuma ya kamba, kisha akaanza kuviita vikundi kwa mpangilio wa kusajiliwa kwao. Inyonga A ilitoa kauli: Manyanda. Inyonga B: Manyanda. Kumi kwa sifuri. Honi zikalia nje.

"Ilunde."

"Mama Danford."

"Kamsisi."

"Mama Danford."

Nsenkwa ikafuata, na Ugalla ikatamka jina lake kwa vigelegele. Kumi na wawili kwa kumi. Hapo Skolastika akamwona Manyanda akihesabu kwa vidole, kwa mara ya kwanza, akifika kidole cha mwisho na kuanza tena. Ilibaki Litapunga.

Mzee Luhende alisimama bila haraka. Akamtazama shemeji yake, akamtazama Skolastika.

"Sisi tulikaa jana," alisema. "Tulibishana. Wapo waliosema, Marekani wamekataa mwanamke. Nikawauliza, Marekani wanajua tulimwaga ndoo ngapi? Shemeji yangu Manyanda nampenda. Alinipigia simu mara nne mwezi huu, na mara zote nne alitaka kujua nani atashinda Marekani. Huyu mama alikuja mara moja. Alitaka kujua asali yetu inafikaje Inyonga." Akavuta pumzi. "Litapunga, wajumbe watatu, wote: Mama Danford."

Paa lilitaka kung'oka. Gaudensia aliruka juu ya benchi, benchi likapinduka, akaangukia mikononi mwa wanawake wa Ilunde ambao hata hawakumjua jina. Wanaume wa Kamsisi walimnyanyua Skolastika juu kwa juu wakizunguka naye ukumbini, na hata wale waliokuwa madirishani, waliokuja kwa ajili ya Manyanda, walianza kupiga makofi. Manyanda alipenya katikati yao. Uso wake ulikuwa umelegea kwa mshangao, lakini kicheko kikampanda hata hivyo.

"Kumbe nilichinja ng'ombe kwenye uwanja usio wenyewe!" alisema, akimpa mkono. "Hongera, mwenyekiti. Mimi ni mwanachama wako."

Walipomshusha, Skolastika alitengeneza kitenge chake, akaenda mbele, akaketi. Wimbo ulikuwa bado ukiendelea. Aliacha waimbe mpaka waliporidhika, maana walistahili, kisha akagonga meza mara moja.

"Mkutano unaendelea," alisema. "Katibu, andika. Gari linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Linaanzia Litapunga."